Kusoma Biblia ili Umkaribie Mungu, Si ili Umalize Sura

Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma sura tatu au nne kila siku utaimaliza kwa mwaka, na ni jambo jema kwa anayetaka kuijua yote. Lakini mtu anaweza kuitimiza ratiba hiyo mwaka mzima bila kusema na Mungu hata siku moja juu ya alichokisoma. Usomaji unaomsogeza mtu karibu na Mungu huchukua kifungu kifupi, huenda polepole, na huishia kwenye maombi.

Pa kuanzia

Wengi huanzia Mwanzo. Mwanzo inasomeka vizuri, na Kutoka pia, hadi sura ya 25 vinapoanza vipimo vya hema, mapazia na mbao. Kisha inafuata Walawi na taratibu za sadaka, na hapo watu huacha, wakijiona wavivu. Si uvivu, sehemu hizo zinadai maelezo ambayo msomaji mpya bado hana. Anza na Injili ya Marko, yenye sura 16 tu, halafu Yohana. Jioni ongeza zaburi moja. Ziko 150, hivyo utazimaliza kwa miezi mitano hivi.

Tenga dakika 20, saa ileile, mahali palepale. Ukisomea kwenye simu, zima data kwanza, maana ujumbe mmoja unatosha kukutoa ulipokuwa. Ukiweza, uwe na tafsiri mbili: Union Version ya 1952, ambayo lugha yake inakaririka vizuri, na Habari Njema kwa pale Kiswahili cha zamani kinapokuzuia. Katika Union Version, ukikuta BWANA kwa herufi kubwa, ujue pale Kiebrania kina jina lenyewe la Mungu. Hapo hutajiwi cheo, unatajiwa jina.

Kifungu kimoja, mara tatu

Kabla hujasoma, omba sentensi moja. Zaburi 119:18 inatosha: “Unifumbue macho yangu niyatazame maajabu yatokayo katika sheria yako.”

Tuchukue Marko 10:46-52, habari za Bartimayo, kipofu aliyekuwa mwombaji wa kando ya njia. Mara ya kwanza soma kwa sauti, bila kusimama, upate habari yenyewe. Sauti ina maana yake hapa. Kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa “huitafakari” katika Zaburi 1:2 ndicho kinachotumika kwa simba angurumaye katika Isaya 31:4, na kwa hua aombolezaye katika Isaya 38:14. Kutafakari kwa namna hiyo kunasikika mdomoni.

Mara ya pili soma ukitazama. Mwanzoni kipofu ameketi kando ya njia. Mwishoni anamfuata Yesu njiani. Watu wanamkemea anyamaze, naye anazidi kupaza sauti. Anapoitwa anatupa vazi lake. Kisha Yesu anamuuliza, “Wataka nikufanyie nini?” Rudi nyuma hadi mstari wa 36: Yakobo na Yohana wameulizwa karibu swali hilohilo, nao wakaomba viti vya utukufu. Mwombaji ameomba kuona. Mambo haya hayaonekani kwa msomaji anayekimbilia sura ya 11.

Mara ya tatu soma hadi neno moja likushike, usimame hapo. Pengine ni swali lile. Lirudie taratibu mara tano, mara sita, kisha lijibu mbele za Mungu, kwa jibu lako la leo na si lile unaloona linamfaa mtu wa imani. Andika jibu hilo kwenye daftari kama ombi la sentensi tatu au nne, kwa sababu ombi lililoandikwa huacha kuelea. Halafu nyamaza dakika mbili. Mawazo yatatangatanga, yanatangatanga kwa kila mtu. Yarudishe kwenye neno lile bila kujigombeza.

Panapoharibika

Kosa la kawaida ni kuokota mstari mmoja na kuuacha wenzake. Namba za mistari ya Agano Jipya tulizonazo ziliwekwa mwaka 1551. Paulo aliandika barua, akatarajia isomwe kama barua. “Nayaweza mambo yote” ya Wafilipi 4:13 inatoka kwa mtu aliye kifungoni, ambaye mstari mmoja nyuma anazungumzia njaa na kupungukiwa. Yeremia 29:11 inawaahidi tumaini watu ambao mstari wa 10 umekwisha kuwaambia wangoje miaka 70. Soma daima aya iliyotangulia na inayofuata. Ahadi haipungui kwa kufanya hivyo, ila inakuwa ile aliyoitoa Mungu.

La pili huwapata hasa wahubiri na walimu: kila kifungu kinageuka somo la kuwafundisha wengine. Maandalizi ya mahubiri yawe na saa yake. Ukijikuta unasema “mstari huu unamhusu fulani”, anza tena, ujisome mwenyewe.

Kisha kuna siku kavu, nazo ni nyingi kuliko watu wanavyokiri. Usijilazimishe kuhisi kitu. Fungua Zaburi ya 13, mistari sita tu, inayoanza, “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” Isome kama ombi lako. Ikiwa hata mistari ya mwisho yenye kushangilia inakushinda, nenda Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani. Mungu ameyaweka maneno hayo katika kitabu chake, basi unaruhusiwa kumwambia hivyohivyo.

Ukiruka siku tatu, usisome vifungu vinne ili kulipa deni. Fungua daftari, soma ombi la mwisho uliloandika, uendelee na kifungu kinachofuata.