Kuonyesha kipimo na bei ya bidhaa kwenye fomu ya Access

Tuseme una hifadhidata ya Access, programu ya Microsoft ya kutunza data, yenye majedwali ya Mauzo na Bidhaa. Jedwali la Mauzo huhifadhi BidhaaID, yaani namba ya bidhaa, peke yake, na ndivyo inavyotakiwa. Jina, kipimo na bei vikae kwenye jedwali la Bidhaa. Fomu ivionyeshe tu.

Fungua fomu katika mwonekano wa usanifu, weka kombo (combo box, orodha ya kuchagulia), uipe jina cboBidhaa. Control Source, yaani sehemu inayohifadhi chaguo, iwe BidhaaID. Kwenye Row Source, yaani chanzo cha orodha, andika:

SELECT BidhaaID, Jina, Kipimo, Bei FROM Bidhaa ORDER BY Jina;

Column Count iwe 4, Bound Column (safu inayohifadhiwa) 1, na Column Widths 0cm;5cm;2cm;3cm. Upana wa sifuri huificha namba, lakini namba hiyo ndiyo inayohifadhiwa. Baada ya mtu kuchagua, kombo hubaki ikionyesha safu ya kwanza yenye upana, yaani Jina.

Sasa weka kisanduku cha maandishi, kiite txtKipimo, na kwenye Control Source yake andika:

=[cboBidhaa].Column(2)

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Bound Column huanza kuhesabu kwenye 1, ilhali Column ya kwenye fomula huanza kwenye 0. Kipimo ni safu ya tatu, kwa hiyo namba yake ni 2. Na ukisahau kubadilisha Column Count, ikabaki 1, kisanduku kitakuwa kitupu bila ujumbe wowote wa kosa, hata kama SELECT yako ni sahihi kabisa. Anza kukagua hapo. Ukiona #Name?, kosa mara nyingi ni tahajia ya jina la kombo.

Kisanduku cha namna hii hakiandikiki, na hilo ni jambo jema. Ila huwezi kupanga wala kuchuja rekodi kwa kukitumia. Ukihitaji hayo, chanzo cha fomu kiwe hoja (query) inayounganisha Mauzo na Bidhaa kwa LEFT JOIN, inayobakiza kila rekodi ya Mauzo. INNER JOIN itaficha kila rekodi ambayo bado haijachaguliwa bidhaa. Visanduku vya sehemu zinazotoka Bidhaa vipe Locked: Yes. Usipofanya hivyo, mtu akisahihisha jina kwenye mauzo ya leo atakuwa amelibadilisha kwenye jedwali la Bidhaa, na mauzo yote ya nyuma yatalionyesha jina hilo jipya.

DLookup, fomula inayotafuta thamani kwenye jedwali, nayo hufanya kazi, lakini kwenye fomu yenye rekodi nyingi huisaka data upya kwa kila mstari, na fomu huwa nzito.

Bei ina kanuni yake. Ukiionyesha tu kutoka Bidhaa, siku itakapopanda, ankara za zamani nazo zitapanda. Ongeza sehemu ya BeiKuuzia kwenye Mauzo, kisha kwenye msimbo wa tukio la After Update la kombo (linalotokea mtu akishachagua) uandike:

Me.BeiKuuzia = Me.cboBidhaa.Column(3)

Bidhaa iliyoongezwa wakati fomu iko wazi haitaonekana kwenye kombo mpaka uisome upya kwa Me.cboBidhaa.Requery.