Somo: Likizo ya Juni na watoto kwenye nyumba ya ziwani, Kigoma

Somo hili ni kwa familia zinazokwenda kukaa kwenye nyumba za ukoo, au za kupanga, kaskazini mwa mji wa Kigoma: Mtanga, Mwamgongo na vijiji vya jirani, kule ambako barabara kuu ni maji. Nyumba ya huko ni kama kisiwa. Ulichokisahau mjini utaishi bila hicho mpaka siku ya kurudi.

Hatua ya 1: Safari

Juni hadi Agosti hakuna mvua, ila ndiyo miezi ya upepo wa kusini. Ziwa Tanganyika limelala kusini kwenda kaskazini, urefu wake karibu kilomita 670, upana kama 50 tu. Kigoma tuko upande wa kaskazini, kwa hiyo upepo huo hufika kwetu ukiwa umesukuma maji mamia ya kilomita. Mawimbi yake si ya kuchezea.

Boti za abiria huondokea mwalo wa Kibirizi, nyingi mchana, zikishajaa watu na mizigo. Mwenye watoto wadogo ajiunge na ndugu, wakodi boti yao, waondoke asubuhi na mapema ziwa likiwa limetulia. Kabla ya kulipa, ombeni kuona leseni ya boti, kisha hesabuni maboya ya kuvaa, kila mtu na lake. La mtu mzima halimfai mtoto: akiangukia majini, huchomoka. Mkiweza, nunueni ya watoto mje nayo, na wavae tangu ufukweni. Nahodha akisema leo hakuendeki, msimbembeleze wala msimwongezee hela.

Msipange kurudi siku moja kabla ya shule kufunguliwa au kabla ya treni. Acheni siku mbili za akiba.

Hatua ya 2: Chakula

Unga wa muhogo, mchele, maharage, mawese, chumvi, vitunguu. Watu wengi hubeba kidogo wakitegemea samaki wabichi. Kumbukeni kwamba mwaka 2024 ziwa lilipumzishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ukasimama katikati ya likizo yenyewe. Basi ulizeni kwanza, na dagaa wakavu wawepo kwa vyovyote. Hata ziwa likiwa wazi, wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa zao huvuta samaki vizuri usiku wa giza.

Siku migebuka, samaki wa ziwa hili, ikipatikana, ipikeni na mawese siku hiyo hiyo. Deli la barafu halidumu.

Hatua ya 3: Nyumba

Chandarua kwa kila kitanda, hata kama kiangazi mbu wamepungua. Maji ya kunywa yachemsheni; maji ya ziwa letu ni maangavu mno, na uangavu huo ndio unaowadanganya wageni. Karibu na Hifadhi ya Gombe fungeni milango na madirisha ya jikoni, maana nyani wakishajua penye chakula hawaondoki.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Asubuhi ni ya maji: kuogelea, kujifunza kupiga kasia karibu na ufukwe. Mtu mzima mmoja awe mlinzi, asishike simu wala sufuria, na wapokezane. Chini ya maji kuna miteremko mikali. Pengine hatua chache tu na mtoto hana pa kukanyaga. Upepo ukianza, wote watoke.

Mchana na jioni ni za nchi kavu: bao, kulala, kusaidia kuanika dagaa. Usiku ule wa giza watoeni watoto nje waone taa za wavuvi zilivyotanda ziwani. Bibi au babu akiwepo, huo ndio wakati wa hadithi. Watoto wengi wa mjini hawajui hata kusalimia kwa Kiha, na likizo ni nafasi nzuri ya kuwafundisha.

Maswali ya wanachama

Mama wa watoto watatu, Tabora: Shikamoo mwalimu. Nasikia ziwani kuna kichocho. Niwazuie wasiogelee?

Marahaba mama. Usiwazuie, chagua mahali. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo epukeni matete, midomo ya mito na sehemu zinazofuliwa nguo. Midomo ya mito ina hatari ya mamba pia. Ufukwe wa mawe na mawimbi una nafuu, ingawa si kinga kamili. Mkisharudi, baada ya wiki sita hadi nane wapeleke wakapimwe choo na mkojo. Dawa ipo.

Baba, Kasulu: Tukiwa karibu na Gombe, naweza kuwapeleka wadogo kuona sokwe?

Ndugu yangu, kuna masharti ya umri, kwani sokwe huambukizwa magonjwa yetu kirahisi. Waulize TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla hujawaahidi watoto. Mwenye mafua asiende, hata akiwa mtu mzima.

Dada, Ujiji: Mama yetu ni mzee, anaogopa boti. Tumwache?

Msimwache kabla ya kumuuliza mwenyewe. Akikubali, mkalisheni katikati kuelekea nyuma, ambako boti hairuki sana, mjukuu mmoja mkubwa akae naye. Akikataa, fanyeni likizo Katonga au Bangwe. Huko gari linafika na ziwa ni lile lile.