Kupiga picha Bagamoyo ukiwa na masaa machache tu

Mi Bagamoyo nimeenda sana, nyingi safari za kikazi, yaani unapata lisaa kabla ya kikao na lisaa jioni basi, kwa hiyo jua ndo la kupangilia kwanza. Bahari ya pale iko mashariki. Asubuhi saa 12 na nusu jua liko nyuma ya majahazi, utapata weusi wa mlingoti na tanga, patamu kweli ila sura za watu huzioni, ukitaka sura na rangi za mbao rudi saa 10 jioni jua likiwa mgongoni kwako.

Pale soko la samaki weka spidi ya shata ya kamera 1/500 ya sekunde, mikono ya wauzaji haitulii. Salimia kwanza, wazee shikamoo, afu ndo uombe, mama mmoja aliniruhusu nikapiga kiganja chake tu kimejaa magamba yanang'aa kama shilingi, mpaka leo naipenda ile picha.

Milango ya nakshi subiri mwanga wa ubavuni. Na ukitoka chumba cha AC usifungue begi hapo hapo, lenzi inaingia ukungu, nilishakosa jahazi linaingia hivyo hivyo, iache ndani ya begi nje ipate joto kwanza.