Kutafuta vimelea kwenye maji ya kunywa kwa PCR: kazi yenyewe iko kabla ya mashine

Wengi wakiskia PCR (kipimo kinachonakili DNA mara nyingi hadi ionekane) wanawaza mashine tu, ila kwa maji ya kunywa kazi nzito iko kabla hujaiwasha. Vimelea huwa vichache mno, sisti (kimelea kikiwa ndani ya gamba lake) ya Cryptosporidium, kimelea cha kuharisha, ni kama mikromita 4 hadi 6 na ya Giardia, kingine cha kuharisha, ndo kubwa kidogo, sasa ukichota kikombe kimoja uwezekano mkubwa utapima maji matupu. Chuja lita 10 au zaidi kwenye chujio la mikromita 1, afu toa kilichonasa kwa bafa (kimiminika kinachotunza kiwango cha asidi) yenye sabuni, zungusha kwenye sentrifuji upate mashapo. Sampuli ikae baridi njiani ila usiigandishe, na usitie fomalini maana inaharibu DNA. Mashapo yakiwa machafu tumia shanga za sumaku zenye antibodi (protini zinazonata kwenye kimelea husika), zinashika vimelea tope unalimwaga.

Hapa sasa ndo tulia: gamba la Cryptosporidium ni gumu balaa, ndo maana hata klorini ya kawaida hailitingishi, na 1993 kule Milwaukee, Marekani, watu wanaokadiriwa kufika laki nne waliumwa kwa maji ya bomba. Dawa za kutolea DNA peke yake mara nyingi haziliwezi. Gandisha kwenye nitrojeni kimiminika, yeyusha kwenye maji ya moto, rudia, wengine wanafika mizunguko 15, ndo uendelee na usafishaji wa DNA.

Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) za jini ya 18S, jini ambayo vimelea hivi vyote vinayo, zinafaa kuanzia. Ila asidi za hyumiki kutoka kwenye majani yaliyooza zinaizima enzaimu ya kunakili DNA kimyakimya, kwa hiyo kila tyubu iwe na kontroli ya ndani (DNA nyingine unayoitia mwenyewe kuhakiki kipimo kinafanya kazi), na alama yake isipoinuka hilo jibu la "hakuna" usilitoe kabisa! Zimua DNA mara 10 au ongeza BSA (protini inayonasa vizuizi hivyo), rudia. Na maji safi yapitishwe hatua zote kuanzia kwenye chujio, ili uchafuzi wa maabara yenu uonekane.

PCR inaona hata DNA ya vimelea vilivyokufa. Rangi ya PMA (inaingia kwenye vimelea vilivyokufa vyenye gamba lililoharibika na kuzuia DNA yao isinakiliwe) kabla ya kuvunja magamba inasaidia, ila kwa maji yaliyopigwa mionzi ya UV usiitegemee manake gamba linabaki zima, hapo ripoti iseme "DNA imeonekana", isiseme "vimelea hai".