Gunia la Mboga Halimwagiliwi Kichwani

Ikifika mwezi wa nane, nyua nyingi za Dodoma zina gunia moja au mawili ya mboga, yaliyojazwa udongo na kusimama kama sanamu. Juu kuna mimea miwili mitatu ya kijani, ubavuni matundu matupu, na ukichoma kidole upande wa chini unakuta udongo mkavu kama unga wa muhogo. Mwenye gunia atakwambia mbegu zilikuwa mbovu, au jua la mwaka huu limezidi. Mbegu haina kosa. Gunia hilo lilitengenezwa bila nguzo ya kokoto, yaani safu ya kokoto inayosimama katikati ya udongo ili kupeleka maji ndani, au nguzo ilikuwepo lakini ikazibwa siku ya kwanza, na tangu hapo maji yamekuwa yakimwagwa kichwani.

Kosa hili ni ghali kwetu kuliko kwa wenzetu wa Morogoro. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili. Wakati wa mvua hakuna anayehitaji gunia, kwa sababu mlenda, majani ya kunde na ya maboga yako kila mahali. Gunia ni akiba ya Juni hadi Novemba, siku ambazo fungu la mboga limepanda bei, kazi imesimama, mgonjwa yuko ndani au bomba limekatika siku nne. Likikauka Agosti, halijakusaidia chochote, na samadi na maji yote ya Aprili na Mei umeyatupa.

Angalia kinachotokea ukimwaga juu. Sentimita 15 za mwanzo zinalowa, na kwa upepo wetu wa Julai na Agosti zinakauka kabla ya jioni ya kesho yake. Maji yanayobaki hayapenyi katikati. Yanatafuta njia nyepesi, yaani upande wa ndani wa gunia, yanateremka kwenye ukuta huo, yanabeba udongo kupitia matundu ya miche na kuishia sakafuni. Mtu anaona chini pamelowa, anaridhika. Wakati huo kitovu cha gunia ni kikavu, na samadi iliyokauka sana hukataa maji, kwa hiyo kila siku inayopita hali inazidi kuwa ngumu.

Sasa nguzo yenyewe. Vipimo vifuatavyo ni vya gunia la salfeti la kilo 50, ambalo likijazwa huwa na kipenyo cha kama sentimita 35. Udongo uishie urefu wa sentimita 70, na mdomo wa gunia ukunjwe kwa nje.

Kokoto ziwe za robo tatu inchi, zile za kumwagia zege. Unahitaji lita 5, yaani robo ya ndoo kubwa. Zioshe. Narudia, zioshe, mara mbili, mpaka maji yatoke meupe, maana vumbi la kokoto ni saruji tupu likikutana na udongo mwekundu wa huku. Mawe makubwa kama ngumi hayafai kwa sababu udongo unaingia kwenye nafasi zake na nguzo inakuwa tope. Mchanga mnene haufai pia. Utapitisha maji wiki mbili tatu, kisha utaziba. Vipande vya tofali la kuchoma vinakubalika kama tofali limeiva likagonga kama chungu. Tofali lisiloiva litayeyuka. Na wale wanaofunga mabua ya mahindi wakayasimamisha katikati eti ni nguzo: mabua yanaoza ndani ya miezi mitatu, shimo linajifunga, na gunia linapinda kiuno.

Cha kusimamishia nguzo ni kipande cha bomba la inchi 4 chenye urefu wa sentimita 40. Kopo refu la bati lililotolewa kitako litafanya kazi hiyo hiyo.

Litengeneze gunia pale pale litakapokaa. Likijaa na kulowa linazidi kilo 80, na ukilisukuma hata nusu hatua nguzo inakatika ndani bila wewe kujua.

Anza na sentimita 15 za udongo uliochanganywa, ushindilie kwa kiganja. Hapa wengi huanza na mawe tangu chini kabisa, kisha wanashangaa maji yanatoka kama mfereji. Nguzo isiguse kitako cha gunia. Juu ya ule udongo weka jiwe bapa lenye upana wa kiganja, maji yakifika hapo yatawanyike pembeni. Simamisha bomba juu ya jiwe, katikati, tia kokoto hadi sentimita 20, kisha zungushia udongo kwa nje hadi sentimita 15. Shindilia kwa mkono, si kwa mguu. Inua bomba taratibu ukilizungusha kushoto na kulia, sentimita 12 tu. Mdomo wa chini wa bomba lazima ubaki umezama sentimita 3 ndani ya udongo, na kokoto zilizomo ndani ya bomba zizidi usawa wa udongo wa nje kwa angalau sentimita 5. Ongeza kokoto, ongeza udongo, inua tena. Itakuwa mara nne au tano mpaka juu.

Usijaze gunia zima halafu uvute bomba kwa mkupuo mmoja mwishoni. Udongo utakuwa umelikamata. Utalitikisa, utaliita jirani akusaidie, na likitoka litaacha udongo umeporomoka kati ya kokoto. Nguzo ya namna hiyo kwa nje inaonekana nzuri kabisa. Ndani imekufa.

Mwisho, nguzo itokeze sentimita 5 juu ya udongo, na uifunike kwa kigae ili vumbi la Julai lisiizibe.

Udongo wa kujazia: kwa kichanga chekundu, ndoo mbili na nusu za udongo kwa ndoo moja na nusu za samadi. Kwa udongo mzito wa mbuga kama wa Bahi, ndoo mbili za udongo, moja ya mchanga wa mtoni, moja ya samadi. Jumla ni ndoo nne za lita 20. Tatu na kitu zinaingia siku ya kwanza, inayobaki itunze kwa ajili ya kuongezea udongo ukishuka. Samadi ya mbuzi tunayo tele, lakini zile gololi kavu zilizotoka zizini jana si mbolea bado. Ilundike, iloweshe, ifunike, iivishe miezi mitatu. Ingiza mkono katikati ya lundo: kama bado kuna joto, subiri. Changanya kila kitu kikiwa kimelowa kabla hakijaingia kwenye gunia, kiasi kwamba ukifinya konzi inashikana bila kuchuruzika. Ukijaza kikavu kwa nia ya kumwagia baadaye, umerudi kwenye kosa lile lile kwa mlango wa nyuma. Majivu acha jikoni; maji mengi ya visima vya huku yana chumvi, na majivu yanaongeza tatizo.

Kabla ya kupanda, jaribu nguzo. Nafasi zilizo kati ya kokoto za nguzo hii zinabeba kama lita 2. Hicho ndicho kipimo chako cha kila mara, lita 2 na si dumu. Mwaga lita 2, subiri dakika 20, mwaga tena, subiri, mwaga ya tatu. Kesho yake asubuhi kata tundu dogo ubavuni, sentimita 20 kutoka chini, uchome kijiti kikavu hadi katikati. Kikitoka na udongo umeganda, endelea. Kikitoka kikavu, bomoa. Ndiyo, bomoa lote, leo, kabla hujaweka mche hata mmoja. Hasara yake ni asubuhi moja, na kokoto na udongo bado ni vyako.

Umwagiliaji wa kila siku baada ya hapo ni rahisi. Wiki mbili za kwanza baada ya kupandikiza, lita 2 kwa siku kupitia nguzo. Miche ikishika, lita 2 asubuhi kabla ya saa 2 na lita 2 jioni baada ya saa 11. Septemba na Oktoba, joto likipanda, ongeza lita moja ya jioni. Mwaga kwa kikombe cha nusu lita, kimoja kimoja, dakika tano kwa lita mbili. Anayemimina ndoo kwa pupa anamwagilia sakafu. Asiye na subira achukue chupa ya lita moja na nusu, atoboe kifuniko kwa msumari wa moto, akate kitako, aichomeke kichwa chini kwenye nguzo na kuijaza, itadondosha yenyewe.

Ruhusa ya kumwaga juu ni moja tu: mbegu za mchicha au miche iliyopandwa kichwani mwa gunia, nusu lita kwa kunyunyiza, kwa siku 10. Baada ya hapo mizizi imeshuka na ruhusa imekwisha.

Magunia matano kwa lita 4 ni ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanaingia kwenye hesabu hiyo. Maji ya sabuni ya unga hayaingii, hata kama bomba limekatika wiki nzima. Kwa wenye kisima cha chumvi, ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au ubavuni mwa gunia, kwangua sentimita 2 za juu utupe, kisha mara moja kwa mwezi pitisha kwenye nguzo lita 8 za maji matamu, lita mbili mbili, ili chumvi ishuke itoke chini.

Matundu ya ubavuni: mistari mitatu, wa kwanza sentimita 20 kutoka chini, wa pili 35, wa tatu 50. Kila mstari matundu matano yaliyopishana na ya mstari wa chini yake. Kata umbo la V lisilozidi sentimita 5. Tundu kubwa linatapika udongo. Mstari wa chini weka matembele, marando ya sentimita 25 hadi 30 yenye vifundo viwili au vitatu vikiwa ndani. Hayahitaji mbegu ya dukani, na kwa akiba ya dharura hiyo ni sifa kubwa kuliko utamu. Mistari ya juu sukuma wiki na spinachi. Chainizi inafaa, ila haidumu, uwe na miche ya kuibadilisha kila baada ya miezi miwili. Nyanya moja kichwani inatosha. Ya pili ni ugomvi.

Tarehe nazo zina ubishi usio na sababu. Kitalu cha sukuma wiki kiwe tayari wiki ya kwanza ya Machi. Gunia lijazwe katikati ya Machi, likae siku 10 lishuke. Miche ihamishwe wiki ya kwanza ya Aprili ikiwa na majani manne, wakati mvua bado inasaidia. Anayeanza Juni anafundisha miche kutembea huku upepo unaipiga.

Kuhusu mahali, watu hupenda nyuma ya nyumba ili wapita njia na mbuzi wasione, na hilo ni jambo jema. Ila usiweke gunia karibu na ukuta wa kusini wa nyumba. Juni na Julai jua letu liko upande wa kaskazini, na ukuta wa mita 3 unatupa kivuli cha karibu mita 1.7 hata saa sita mchana. Upande wa mashariki ni mzuri kwa jua la asubuhi, lakini huko ndiko upepo unakotoka, kwa hiyo funga uzio wa mabua ya mtama wa urefu wa mita moja na nusu, nusu hatua kutoka kwenye gunia. Hapo mabua yana kazi.

Ukiona majani ya mstari wa chini yamesimama saa nane mchana, mambo yako sawa.

Kwa wenye gunia lisilo na nguzo na mboga tayari zimeota, msilibomoe. Jioni liloweshe juu kwa lita 3, taratibu, uliache usiku kucha. Asubuhi choma mtaimbo katikati kabisa, ushuke mpaka zibaki sentimita 15 kufika chini. Mizizi mingi iko pembeni, katikati utaumiza michache. Chukua bomba la inchi moja na nusu, toboa matundu ya unene wa penseli kila sentimita 5 pande zote nne, ukiacha sentimita 15 za juu bila tundu, ziba mdomo wa chini kwa kitambaa kilichokazwa, ulisukumize kwenye shimo. Bomba hili linabeba chini ya lita moja, hivyo jaza mara tatu asubuhi na mara tatu jioni, ukingoja liishe kila mara. Siku ya nne choma kijiti kwenye matundu ya chini. Mche wa chini ambao hata baada ya hapo haujainua jani, ng'oa, weka rando la matembele mahali pake.