Somo: Kupima kasi ya sauti kwa mbao mbili na ukuta (someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza)

Kila mitihani ikikaribia napata ujumbe ule ule: "Mwalimu, ile ya mwangwi inafanywaje?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake. Naiweka hapa, na atakayeuliza lililokwisha andikwa nitamrudisha juu.

Mahitaji: vipande viwili vya mbao ngumu (vyangu ni mabaki niliyopewa na fundi wa majahazi kule Matondoni), tepu ya fundi, simu yenye saa ya kupimia, na mwenzako mmoja.

1. Tafuta ukuta mpana wenye uwanja wazi mbele yake. Vichochoro vya mji wa kale havifai, kuta zimekubana na mwangwi unakuja kila upande.

2. Pima mita 75 kutoka ukutani. Ukiwa chini ya mita 17 hivi, sikio halitenganishi pigo na mwangwi wake.

3. Gonga mbao mara moja, sikiliza.

4. Sasa gonga mfululizo, kila pigo liangukie juu ya mwangwi wa pigo lililotangulia. Ukipatia, mwangwi utakuwa kama umetoweka.

5. Kuhesabu. Hapa ndipo nilipoaibika. Mara ya kwanza nilipofanya na vijana wangu wa tuisheni tulipata mita 366 kwa sekunde, mara nne mfululizo. Nikalaumu joto. Nikalaumu tepu. Nikamlaumu hata punda aliyekuwa analia karibu. Usiku nikapiga hesabu: ili sauti iende 366, hewa iwe na nyuzi 58. Lamu kuna joto, lakini si la kuoka mkate! Kosa lilikuwa kinywani mwangu: saa ilipoanza nilisema "moja". Mapigo 20 yana nafasi 19 tu katikati yake, nami nikagawanya kana kwamba ni 20. Kwa hiyo: pigo la kuanzishia saa ni SIFURI. Halafu moja, mbili, mpaka 20, saa isimame. Wala usiwashe saa kwenye pigo la kwanza kabisa. Acha mdundo utulie kwanza, hata mapigo kumi yapite. Anayegonga asishike saa. Mkono mmoja hauwezi kazi mbili.

6. Hesabu: mita 75 kwenda na 75 kurudi ni 150. Mara 20 ni 3,000. Gawanya kwa sekunde. Sisi tulipata 8.5, 8.7 na 8.6, wastani 8.6, yaani karibu mita 349 kwa sekunde. Kwa hewa ya nyuzi 30 ndiyo inayotakiwa: 331, jumlisha 0.6 kwa kila nyuzi.

MASWALI

Fomu2_Malindi: Mwalimu, nisimame mita ngapi?

Mwalimu: Hatua ya 2.

Fomu2_Malindi: Nimepata 174. Ukuta wetu una shida?

Mwalimu: Ukuta hauna kosa. Sauti imekwenda na kurudi, wewe umehesabu kwenda tu. Hatua ya 6, ndugu yangu.

Mjuaji: Taabu yote hii ya nini na kitabuni kuna 340?

Mwalimu: Na sokoni kuna samaki, mbona watu bado wanakwenda baharini? Hiyo 340 ni ya hewa ya nyuzi 15. Ukiiona siku ya nyuzi 15 hapa kwetu niite.

Binti wa Shela: Shikamoo mwalimu. Kusi likivuma kuelekea ukutani, sauti si itafika mapema? Jibu halitaharibika?

Mwalimu: Marahaba binti yangu, hili ndilo swali. Ikienda inasukumwa na upepo, inafika mapema. Ikirudi inapingana nao, inachelewa. Karibu vyote vinafutana: kwa upepo wa mita 8 kwa sekunde, kosa linalobaki halifiki hata sehemu moja katika elfu. Ungepima kwenda peke yake, kusi lingekudanganya kweli.

Binti wa Shela: Na mwanga je, haupimiki hivi?

Mwalimu: Kwa mita 75 mwanga unakwenda na kurudi kwa nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mkono gani utagonga hivyo? Lakini wazo ni lile lile. Mwaka 1849 Mfaransa Fizeau aliupitisha mwanga kati ya meno ya gurudumu linalozunguka, ukaenda mpaka kioo kilichokuwa zaidi ya kilomita 8, ukarudi. Gurudumu likipata kasi fulani, mwanga unaorudi unakuta jino limeziba njia. Meno ndiyo yaliyokuwa mapigo yake.

Mzamiaji: Mimi si mwanafunzi, nazamia kamba. Chini ya maji nasikia mashine ya boti lakini sijui iko upande gani. Masikio yangu?

Mwalimu: Masikio yako mazima, kaka. Kichwa hujua upande kwa sikio moja kutangulia kusikia. Katika maji ya bahari sauti huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, kwa hiyo tofauti hiyo inakuwa ndogo mno. Usiibuke kwa kukisia.

Mzamiaji: Ndiyo maana sisi huburuta dumu la njano kwa kamba, wenye boti walione.

Fomu2_Malindi: Dumu la lita ngapi?

Mzamiaji: Tano linatosha. Lifunge kifuniko vizuri.

Fomu2_Malindi: Mwalimu, nimerudia. 347!

Mwalimu: Ahaa. Ulianza na sifuri?

Fomu2_Malindi: Sifuri.