Mpini mpya wa msumeno mdogo wa mkono

Mpini wa plastiki ukivunjika, usiutupe msumeno ilhali bapa lake bado ni zima, kwani kipande cha mninga kilichokauka vizuri, chenye unene wa milimita 22 hivi, kinatosha kuchongea mpini mwingine. Chora umbo kwa kufuata mpini wa zamani, ukihakikisha kwamba nyuzi za mbao zinapita kwa urefu mahali palipo pembamba zaidi, la sivyo patakatika. Toboa matundu ya skrubu kabla ya kuchonga, wakati kipande kingali na kingo zilizonyooka za kukibana kwenye jiliwa. Mfereji wa kuingizia bapa kwenye mpini usiwe mpana. Ukilegea, skrubu hazitausaidia. Vumbi la mninga huwasha pua, hivyo jifunike unapopiga msasa.